Kung'arisha Vyuma vya Zamani Nassa: Fedha Iende Wapi

Kabla ya kuuliza bei ya grainda, mwaga gunia lako la vyuma chini uone lina nini. Jembe lililoliwa na kutu, kava la injini ya pikipiki ya Boxer na tangi la karabai vinaweza vyote kuwa na rangi ileile ya udongo. Lakini jembe litaridhika na siki na nguvu ya mkono, kava litadai misasa mitano tofauti, na karabai utaiharibu siku hiyohiyo ukiigusa na msasa wa aina yoyote. Metali ndiyo inayopanga gharama. Hapa Nassa watu wengi huanza kinyume: mtu anapanda basi hadi Mwanza, anarudi na mashine, halafu ndipo anaanza kutafuta cha kung'arisha. Karibu laki moja imekwenda, na kitu cha kwanza anachokipitishia diski ni rimu ya baiskeli yenye kromiamu, ambayo haitarudi tena kama ilivyokuwa.

Vitu vyenyewe havikosekani. Huku Busega, mkoani Simiyu, kando ya Ghuba ya Speke, pamba ndiyo iliyojaza chuma nyumbani kwa watu. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, lilifikia kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba, na fedha za pamba zikanunua plau za kukokotwa na ng'ombe, baiskeli za Raleigh na baadaye Phoenix, cherehani za miguu na pasi za mkaa. Nassa yenyewe ni misheni kongwe, ambayo Church Missionary Society (CMS) waliikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na penye misheni kongwe hapakosi randa, jiliwa na spana za enzi hizo. Ziwani, wavuvi wa dagaa walivua kwa karabai miaka mingi kabla ya taa za sola kushika nafasi yake, kwa hiyo karabai zilizostaafu zimejaa stoo za mwaloni. Kuna jambo jingine linalotusaidia: maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi. Chuma kilichokaa miaka kumi Nassa huwa na kutu ya juujuu pale ambapo cha Tanga au Unguja kingekuwa kimetobolewa na upepo wa bahari. Kazi ya kusugua ni ndogo, na bei inapungua kabla hata hujaanza.

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, chuma cha kawaida huhesabiwa kwa mamia ya shilingi kwa kilo, alumini kwa maelfu, na shaba hupita elfu kumi. Hii ina maana kwamba spana nzito, nyundo isiyo na mpini au jembe kuukuu utalipata kwa bei ya soda au pungufu ya hapo, ukimwahi mwenye mizani kabla hajalitupa kwenye lori. Karabai ya shaba njano utalipia zaidi, lakini kuisafisha kutakugharimu kidogo kuliko kitu kingine chochote katika gunia. Linganisha jumla ya mwisho, usilinganishe bei ya kununulia peke yake. Na kwa hapo kwenye mizani nina neno moja zito: usinunue klipu za reli, vyuma vya pembe vya minara ya umeme, mita za maji, vipande vya alama za barabarani wala vifuniko vya mitaro, hata kama anayeuza anaapa. Hizo ni mali za umma zilizong'olewa, na anayezinunua anashiriki kosa. Zinavyong'aa haraka ndivyo zinavyomtia mtu mashakani haraka.

Kifaa cha kwanza cha kununua ni sumaku, nacho hupatikana bure ndani ya spika iliyokufa. Ikishika kwa nguvu, mkononi una chuma. Isiposhika kabisa na kitu ni chepesi, ni alumini. Isiposhika na kitu ni kizito, kikwaruze kidogo kwa chini kwa ncha ya msumari: ukiona njano, ni shaba njano, na ukiona kijivu, huenda ni zinki ya kumimina, ambayo ni laini, huharibika ikipashwa joto na inataka tahadhari kwenye gurudumu la kung'arishia. Usukani wa baiskeli ya Phoenix utashika sumaku ingawa unang'aa kama kioo, kwa sababu chini ni chuma na juu ni nikeli na kromiamu. Huo ndio mtego unaoharibu vitu vingi zaidi kuliko kutu yenyewe.

Kromiamu ya mapambo ni nyembamba kupita watu wanavyodhani. Kwa kawaida haifiki hata nusu ya maikroni, na chini yake kuna nikeli ya maikroni kumi hadi thelathini. Chembe za msasa namba 400 zina ukubwa wa maikroni 35 hivi. Pitisha mara chache tu na umeondoa kromiamu yote, umefika kwenye nikeli, na masika yakija kutu itatoka chini kwa kasi kuliko mwanzo. Kwa hiyo rimu, usukani na madigadi yenye vidoadoa vya kutu usivisugue kwa kitu kigumu. Kunja karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ichovye kwenye maji na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromiamu, hivyo haiikwaruzi, lakini hukomba kutu iliyochungulia kwenye vitundu. Rola moja inatosha baiskeli kadhaa na bado itabaki ya kufungia chakula. Baada ya hapo paka nta. Hakuna bidhaa ya dukani, kwa bei yoyote, itakayofanya zaidi ya hayo kwa kromiamu iliyokwisha kutoboka. Kinachobaki ni kuchovya upya, na huko gharama inapanda mno: karakana za kuchovya kromiamu ni chache, ziko miji mikubwa, kazi ya kung'arisha kabla ya kuchovya bado utadaiwa, na kemikali yenyewe ni sumu ambayo hakuna mtu anayepaswa kuijaribu uani kwake. Kwa baiskeli ya kupendezea macho sioni sababu ya kufika huko.

Tuje kwenye chuma kitupu: jembe, shoka, nyundo, spana, randa, taya za jiliwa. Hapa kazi ina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Kwanza unatoa kutu. Kisha unatoa mikwaruzo. Mng'aro unakuja wenyewe mikwaruzo ikiisha.

Kutoa kutu, njia rahisi ya kuanzia ni siki. Siki ya mezani ina asidi kama asilimia tano. Chupa mbili ndani ya dishi la plastiki, kitu kikae usiku kucha hadi siku nzima, kisha stilwaya ya kusugulia masufuria. Kwa spana mbili tatu, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza, na gharama haizidi shilingi elfu tano au sita. Ukiwa na vitu vingi, asidi ya sitriki ya unga inashinda: gramu 50 kwa lita moja ya maji hufanya kazi sawa au bora, na kwa kila lita inakutoka nafuu kuliko siki, ila lazima uiagize mjini. Malimau na ndimu hufanya kazi hiyohiyo, lakini kwa kiasi kinachotakiwa utakuwa umesugua kutu kwa chakula, na mimi sipendi. Ukitoa kitu kwenye asidi, kisuuze kwa maji yenye magadi, kifute, kianike juani na ukipake mafuta papo hapo. Ukikiacha kikauke chenyewe kivulini, kitavaa kutu ya rangi ya chungwa kabla hujamaliza kunawa mikono.

Asidi ya betri naitaja ili uikatae. Ni nafuu, ni kali, na kila fundi betri anayo. Lakini ni asidi ya salfuriki ya zaidi ya theluthi moja kwa uzito, inachoma ngozi na macho, na inakula chuma kizima sambamba na kutu. Tena hata asidi nyepesi usiweke springi wala boliti zilizofanywa ngumu kwa joto: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla. Hivyo visugue vikavu.

Kwa plau, mnyororo mzito au kitu chenye pembe nyingi, kuna njia ya umeme ambayo kwa nyumba yenye betri ya sola ni karibu bure. Jaza pipa la plastiki maji, koroga magadi vijiko vichache kwa kila ndoo, funga waya hasi kwenye kitu chenye kutu na waya chanya kwenye kipande cha chuma usichokihitaji, vyote majini bila kugusana. Volti 12 zinatosha. Kutu hulegea na kuwa tope jeusi, na chuma kizima hakipungui hata kidogo, jambo ambalo asidi na grainda haviwezi kudai. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, kwani kinachotoka ni haidrojeni. Na kile kipande cha upande wa chanya kisiwe chuma cha aina isiyoshika kutu, maana kitaachia kromiamu yenye sumu kwenye maji. Njia hii inatoa kutu tu. Usitegemee ing'arishe.

Sasa misasa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo fedha inapopaswa kwenda. Dukani utakuta misasa ya aina mbili. Wa kahawia ni wa mbao. Ni nafuu kidogo, lakini ukiulowesha unameguka mkononi. Mweusi ni msasa wa maji, wanaoutumia mafundi rangi wa magari. Chukua huu. Karatasi moja huuzwa takriban shilingi elfu moja hadi elfu mbili, na ukiukata robo nne, ukausugua na maji yenye tone la sabuni, robo moja itamaliza spana nzima. Maji husomba unga wa chuma usizibe msasa, na yanazuia vumbi lisipande puani.

Namba ndizo zinazoleta mkanganyiko. Namba 80 ina chembe za maikroni 200 hivi, 240 kama 58, 800 kama 22, na 2000 kama 10. Kila namba kazi yake ni moja tu: kufuta mikwaruzo iliyoachwa na namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 80 hadi 800 ili kuokoa shilingi elfu tatu, utasugua kwa 800 mpaka karatasi tano ziishe na mikwaruzo ya 80 bado iko chini, inang'aa. Hapo ndipo watu husema kifaa chao ni kibovu, au kwamba wanahitaji mashine. Nunua ngazi kamili: 120 ikiwa kitu kina mashimo, kisha 240, 400, 800, na 1500 kama unataka kujiona usoni. Kila ukibadilisha namba, badilisha mwelekeo: kama 240 uliisugua kwa urefu, 400 isugue kwa upana, mpaka usione mstari hata mmoja wa urefu. Halafu endelea. Ngazi nzima ya karatasi tano ni kati ya shilingi 5,000 na 10,000, na itakutosha vitu kadhaa.

Grainda ya inchi nne na nusu, zile za kawaida kutoka China, utaipata kwa takriban shilingi 60,000 hadi 120,000. Zenye kibadilisha kasi na majina makubwa zinapita laki mbili. Ongeza brashi ya waya ya kikombe, diski mbili tatu za msasa, miwani na nauli ya Mwanza. Umeme siuhesabu sana: mashine ya wati 750 ikizunguka saa nzima inakula robo tatu ya uniti, ambayo kwa mteja wa kawaida wa daraja la T1 haifiki shilingi 300, na kwa nyumba iliyo kwenye daraja la D1, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ni chini ya mia moja. Kinachokula fedha ni diski, kaboni za mota na makosa. Mashine hiyo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo ukingo wa diski unakimbia mita 66 kwa sekunde. Kwa kutu nene ya plau ni baraka. Kwa alumini ya kava la pikipiki ni hatari, maana sekunde mbili za kusahau zinachimba shimo ambalo misasa ya elfu kumi haitalifuta. Kwa makali ya shoka na panga ni hatari ya aina nyingine: chuma kikipata rangi ya majani makavu, joto limepita nyuzi 200, na kikiwa buluu kimekaribia 300. Hapo kimepoteza ugumu wake na hakitashika makali tena mpaka mhunzi akipike upya.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya grainda ni hii. Kama hutumii mashine hiyo kwa kazi nyingine, usiinunue kwa ajili ya burudani hii. Kodi hatua moja. Mpelekee mchomeleaji plau yako au jiliwa lako, mwambie akupitishie brashi ya waya peke yake, mlipane, kisha uendelee nyumbani kwa mkono. Mkubaliane kabla hajawasha: "Kaka, brashi ya waya tu, jiwe usiguse." Jiwe la kunolea ndilo analolipenda kwa sababu linamaliza haraka, na ndilo linaloacha makovu. Na umuoneshe kwa kidole palipo na muhuri. Majembe ya Mamba yaliyotoka Chillington ya Wolverhampton, majembe ya kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, randa za Stanley na Record, vyote vimegongwa alama. Alama hiyo ndiyo inayomfanya mtu akubali kulipa zaidi kwa kitu cha zamani. Ikifutwa, umebaki na kipande cha chuma kinachong'aa.

Kama kuna mashine ninayoweza kuitetea kwa moyo mkunjufu, ni mota ndogo ya mezani. Mota ya umeme wetu wa hezi 50, ile ya nguzo mbili, huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukifunga gurudumu la kitambaa la milimita 150, ukingo wake unakwenda mita 23 kwa sekunde, theluthi moja tu ya kasi ya grainda, na kasi hiyo inafaa kwa kung'arishia. Mota ya nusu farasi iliyotoka kwenye pampu ya maji iliyokufa inatosha, mradi fundi umeme aikague na aifunge waya wa ardhi. Hapo bei inategemea bahati yako ya kuipata; kuichongea shafti ya kushikia gurudumu ni kazi ya fundi wa lathe mjini Bariadi au Mwanza.

Na gurudumu lenyewe usilinunue. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko mengine yote katika kazi hii. Viwanda vya dunia nzima hung'arisha metali kwa nyuzi za aina mbili: mkonge kwa hatua ya kukata mikwaruzo, na pamba kwa hatua ya kumalizia. Mkonge uliletwa nchini na Dakta Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai ilipofika pwani karibu na Pangani, na Usukuma ukaupokea kwa namna yake, ukaupanda kuwa ua wa mashamba. Pamba sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Simiyu. Malighafi zote mbili za gurudumu bora ziko ndani ya hatua mia kutoka mlangoni, ilhali gurudumu la dukani limesafiri bahari mbili.

Chukua kanga kuukuu, lakini kwanza choma uzi wake. Uzi wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu. Ukikunjamana na kuwa kijidonge kigumu cheusi, ni poliesta, nayo itayeyuka kwenye metali na kuacha utando usiotoka. Kata duara za upana wa milimita 150 hivi, ishirini hadi thelathini, zipange, zishone kwa mzunguko wa konokono kuanzia katikati, uzibane kati ya washa mbili pana. Gurudumu la hatua ya kwanza lifanye vivyo hivyo kwa gunia la katani. Gharama ni uzi na washa. Dawa ya kupaka kwenye gurudumu ndiyo utakayoagiza: mche wa kahawia kwa alumini na shaba, wa kijani kwa chuma cha pua. Ukiukosa, kompaundi ya mafundi rangi wa magari, wanayoiuza hata kwa kipimo kidogo, inafanya kazi nzuri kwa alumini ukiipaka kwa mkono. Dawa ya meno nayo ina chembe laini za kusugulia. Kwa kengele ya baiskeli inatosha, kwa kava zima ni kupoteza muda.

Kava la pikipiki, basi, hesabu yake iko hivi. Mengi yana rangi ya fedha au vanishi ya kiwandani ambayo lazima itoke kwanza kwa kiondoa rangi, kamwe si kwa soda kali, maana soda kali inaila alumini yenyewe. Kisha misasa ya maji kuanzia 240 hadi 2000, kisha kompaundi. Vifaa vyote kwa mkono havizidi shilingi 20,000, lakini muda ni wa jioni nyingi. Kwa gurudumu la pamba, hatua ya mwisho inakuwa ya dakika chache. Jua pia kwamba baada ya kuondoa vanishi umejifunga kuirudia: mvua mbili tatu na alumini inafifia. Mwenye bodaboda ya kazi namshauri aache vanishi yake, asafishe kwa sabuni. Mwenye Honda ya zamani inayolala ndani, aende nayo hadi mwisho.

Karabai nimeiacha makusudi mpaka hapa. Petromax za Kijerumani, zilizopata jina lake kutoka kwa Max Graetz aliyezibuni, na nyingi za Kichina zilizozifuata, zina tangi la shaba njano lililopakwa nikeli. Sumaku haitalishika kwa nguvu. Ikishika kwa nguvu, tangi ni la chuma na thamani yake ni ndogo. Una chaguo mbili. La kwanza, uihifadhi nikeli: maji ya moto, sabuni, kitambaa laini, na mafuta ya taa kwa masizi. La pili, kama nikeli imekwisha banduka vipande vipande, uitoe yote na ubaki na njano ya shaba. Hilo la pili linapendeza sana, lakini halirudi nyuma, na shaba tupu itataka kusafishwa kila baada ya wiki chache. Kwa shaba tupu usinunue kitu kabla ya kujaribu ukwaju. Fungu moja la sokoni, uliloweke, ulisage kwa mkono na chumvi kidogo, upake, usubiri dakika kumi, usuuze. Asidi ya ukwaju inayeyusha weusi bila kukwaruza. Brasso, inayouzwa tangu mwaka 1905, inaleta mng'aro mkali zaidi kwa sababu ina chembe za kusugulia, na kwa sababu hiyohiyo inapunguza shaba kila unapoitumia. Ukwaju kwa kawaida, Brasso kwa sikukuu. Utambi wa zamani uliobaki ndani ya karabai usiuguse kwa mikono mitupu wala kuupuliza: zile za zamani zilitiwa thoriamu, nayo ina mnururisho. Uuloweshe maji, uufunge kwenye mfuko, uutupe. Na karabai iliyosuguliwa tangi isiwashwe tena kwa presha.

Kuna fedha ambayo haina mjadala. Miwani ya kufunga pembeni ni shilingi elfu chache, na waya mmoja uliochomoka kwenye brashi unachukua jicho. Barakoa nzuri ni muhimu hasa kwa vipuri vya magari ya zamani, kwani rangi za wakati huo zilikuwa na risasi, kwa hiyo zisuguliwe zikiwa na maji tu. Ngoma za breki za Land Rover au Bedford ya zamani zinaweza kuwa na vumbi la asbesto, zioshe, usizipulize. Mbele ya gurudumu linalozunguka ondoa kanga, mikono mirefu, saa na glavu za kitambaa, na ushike kitu chini ya kitovu cha gurudumu ili kikikuponyoka kitupwe chini. Vipuri vya breki, vya usukani wa gari na boliti za magurudumu usivipunguze hata kidogo. Mng'aro wake hauna faida, na unene wake unalinda watu.

Jembe la kihunzi, lile lililofuliwa na wahunzi wa Kirongo kabla ya majembe ya dukani, na lililowahi kulipwa kama mahari, hilo lisipelekwe kwenye msasa kabisa. Weusi wake na alama za nyundo ndiyo historia yake. Lifute vumbi, lipake nta, na kama una shaka peleka picha yake Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, barabara hiihii ya Musoma–Mwanza, wanakohifadhi vitu vya Usukuma.

Baada ya yote, kitu kitashika kutu tena kisipopakwa mafuta. Oili chafu ya injini ni ya bure, lakini inadhuru ngozi na inaacha weusi kila mahali. Mafuta ya pamba au ya alizeti, ambayo hapa Simiyu hayahitaji kuagizwa, yana sifa ya kukauka polepole na kuwa utando. Paka kidogo sana, futa mpaka uone kama hujapaka kitu, kisha pasha jembe au pasi ya mkaa karibu na makaa. Ukipaka mengi yatabaki yananata na kushika vumbi. Kwa shaba, alumini na kromiamu tumia nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya taa kidogo. Rudia kabla ya mvua za vuli kuanza, na mara moja tena katikati ya masika.

Plau inayolima iko nje ya mahesabu haya yote. Ubao wake wa kugeuzia udongo husuguliwa na shamba lenyewe, na baada ya ekari chache unang'aa kuliko msasa wowote unavyoweza. Unachodaiwa ni kuiosha siku ya mwisho ya kulima, kuikausha, na kuipaka grisi nzito siku hiyohiyo, kabla ng'ombe hawajapelekwa kunywa. Kopo dogo la grisi linatosha misimu kadhaa.